Chakula cha Kuzama

Mama wa ghorofa ya tatu aliingia duka la samaki asubuhi, kijana wa duka, Mapovu, akiwa bado anakwangua mwani kwenye vioo vya matangi, akaweka mtungi wa plastiki juu ya kaunta. Ndani ya mtungi kulikuwa na kambare mdogo wa mapambo, mwenye madoadoa, amekonda mpaka kichwa kimeuzidi mwili.

"Hebu mwangalie huyu," alisema. "Wenzake wa juu wananenepa, yeye anakwisha. Ana ugonjwa gani?"

Mapovu alijifuta mikono kwenye suruali, akauinua mtungi kwenye taa na kuuzungusha polepole. Tumbo la kambare lilikuwa limebonyea kama kijiko.

"Hana ugonjwa. Ana njaa."

"Njaa ya wapi? Nawalisha kila siku."

"Unawalisha nini?"

Mama akatoa kwenye mkoba kopo la chakula chepesi, kile kinachofanana na karatasi zilizokatwakatwa. Mapovu hakulifungua hata.

"Hiki kinaelea, mama. Wale wa juu wanakidaka kabla hakijalowa. Huyu makazi yake ni chini, hata mdomo wake umeangalia chini. Anachopata yeye ni kuwasikia wenzake wakitafuna."

"Lakini niliambiwa hawa wanakula uchafu. Eti ndio wafagiaji wa tangi."

"Kila mtu anaambiwa hivyo. Wewe ukiambiwa ule uchafu, utanenepa?"

Mdomo wa Mapovu ndivyo ulivyokuwa. Bosi alishamwambia siku nyingi kwamba utamfukuzia wateja, ila wateja walikuwa wakinuna leo, kesho wanarudi. Mama wa ghorofa ya tatu alinuna kidogo, akavuta kiti, akaketi, akasema haya, mchagulie mwenyewe.

Mapovu akamteremshia makopo kutoka rafu ya juu. Akamwambia jambo la kwanza ni kuangalia mdomo. Mwenye mdomo wa kukwangua, kama wale wanaong'ang'ania kioo, anataka vidonge bapa na kipande cha tango kilichofungwa kwenye kijiwe kisielee. Mwenye ndevu za kupapasa, kama huyu, anataka punje ngumu zinazozama papo hapo, na mara mojamoja uduvi mkavu. Halafu kuna hila yake: wape kwanza wale wa juu kwenye kona yao, wakishakusanyana huko kama watu kwenye ajali, ndipo umdondoshee huyu chake kona nyingine. Na funika taa. Wa chini hawapendi kutazamwa wakila.

Mama akachagua punje na uduvi. Alipokuwa anafunga zipu ya mkoba akauliza, kwa sauti ileile:

"Na dada yako na shemeji yako, je? Wao tuwape kipi?"

Mapovu alirudisha kopo moja rafuni.

"Midomo yao sijaiangalia karibuni," alisema. "Nitapita jioni."

Dada yake na shemeji yake walikuwa wanaishi chini ya jengo la huyo mama. Shemeji alikuwa mlinzi wa geti na dada alikuwa mfua mazulia, na chumba cha chini kilikwenda na kazi: ukitoka chumbani umetoka kazini. Mwanzoni kilikuwa chumba kama vyumba vingine. Kisha bomba kubwa lililopita ndani ya ukuta likapasuka, na maji yakaanza kuingia.

Fundi wa mabomba alikuja, akaweka sikio ukutani, akasema kazi yenyewe si ngumu, ila lazima jengo zima lifungiwe maji wiki moja. Wapangaji wakakaa kikao. Mmoja alikuwa na watoto mapacha, mwingine alikuwa na wageni, fundi saa wa ghorofa ya pili alikuwa na tumbo ambalo halikutaka kuwa mbali na choo. Hakuna aliyekuwa na wiki. Wakakubaliana kwamba jambo hilo lisisahaulike, wakaondoka.

Maji yalipofika vifundoni, shemeji aliinua kitanda kwa matofali. Yalipofika magotini akaongeza matofali. Siku yalipokaribia dari dada alikuwa anajisuka, akamaliza kusuka, akafunga kitambaa. Palibaki nafasi ya kiganja kati ya maji na dari, na hapo ndipo kilipokuwa kidirisha cha nondo kilichotazama uwanja wa kuegesha magari. Taa iliendelea kuwaka humo ndani.

Kazi haikulala. Shemeji alifunga kamba kwenye komeo la geti, akaipitisha kidirishani mpaka kitandani kwake, na gari likipiga honi alivuta. Mazulia yalikuwa yanashushwa kwa ngazi na kupandishwa kwa ngazi, na wapangaji walisema wazi kwamba yanarudi safi kuliko zamani. Mwenye jengo alipoona chumba kimetulia hivyo, alinunua samaki wekundu wakubwa dukani kwa kina Mapovu, akawatia humo ili wageni wanaoegesha magari wapate kitu cha kutazama. Mapovu mwenyewe ndiye aliyewapeleka, kwenye mifuko miwili iliyojazwa hewa.

Ngazi zilikuwepo. Mlango ulikuwa haufungwi. Wapangaji walipenda kulitaja hilo.

Jioni ile Mapovu alichuchumaa kwenye kidirisha, akagonga nondo kwa ufunguo. Dada yake akaja kutoka chini, polepole, kitambaa kichwani, akaleta pua yake kwenye ile nafasi ya kiganja na kuvuta pumzi. Siku hizo alikuwa haongei nje ya maji. Alizungumza humo ndani, povu likapanda, likapasuka usawa wa kidirisha, na maneno yakatoka kwenye povu yakiwa yamechelewa kidogo.

"Umekula?" likasema povu.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku zote. Mama yao alipofariki Mapovu alikuwa hajui hata kujifunga vifungo. Dada ndiye aliyemsimamisha kwenye beseni na kumsugua, na kwa kuwa mtoto hakutulia, alikuwa anatoka kuogeshwa na povu masikioni. Jina lilianzia hapo.

"Nimekula. Wewe je?"

"Leo nilipata ganda la mkate. Hawa wekundu wana mbio, mdogo wangu, acha tu."

Wapangaji walikuwa wanarusha mkate kidirishani kila jioni, hawakuwa wachoyo. Mkate ulielea. Dada na shemeji iliwabidi wapande kuufuata, na kila walipofika juu waliwakuta samaki wekundu wameshaugeuza makombo. Wakavuta pumzi hapo juu, wakashuka na walichopata. Mapovu akaingiza mkono kati ya nondo, akamshika dada yake shavu. Lilikuwa limebonyea. Kwenye pembe za mdomo ngozi imelainika, na kila upande kimeota kitu kidogo kama uzi mnene.

"Dada, tokeni humo."

"Twende wapi?"

"Kwangu."

"Kwako!" Povu hilo lilikuwa kubwa, na lilipopasuka kicheko kilitoka kabla ya maneno. "Wewe mwenyewe unalala chini ya tangi la kasa. Shemeji yako akianza kukoroma, hao kasa watahama."

"Basi nitatafuta chumba."

"Tafuta. Ukipata tu, tunafunga virago siku hiyohiyo. Mimi hapa sijapazoea, usije ukadhani." Alipandisha pua akavuta pumzi nyingine. "Ila kwa sasa jikaze kisabuni, nami najikaza. Usiache kula."

Honi ikalia getini. Huko chini kamba ikakazwa, geti likafunguka, na gari likapita karibu na miguu ya Mapovu.

Wapangaji walikutana kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, kila mtu amekaa kwenye kidato chake, kwa sababu mama wa ghorofa ya tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, alikuwa ameona kambare wake ameanza kupata tumbo. Alimsimamisha Mapovu chini yao wote.

"Huyu ndiye kijana mwenyewe. Anajua mambo ya hawa wa chini. Sema, baba."

"Mkate uacheni," Mapovu alisema. "Mnawalisha samaki wekundu."

"Mimi nilisema!" fundi saa akadakia. "Nilisema nini? Nilisema tuwape mchele."

"Mchele mbichi?" mama wa mapacha akauliza.

"Si unalowa? Uko majini."

"Na wewe fundi saa, kaa na saa zako."

Watu wakacheka. Mapovu akawaeleza kama alivyoeleza dukani: kitu kizito, kinachozama papo hapo, wekundu wapewe chao kwanza kwenye kona ya kulia, kidirisha kifunikwe kwa khanga kuukuu wakati wa kula. Alisema atatengeneza mwenyewe: mayai ya kuchemsha, uduvi uliosagwa, mboga za majani, wali uliopondwa, vyote vinagandamizwa, vinakaushwa mpaka viwe vigumu kama sabuni ya kipande. Kadiri alivyoendelea walizidi kunyamaza, na kadiri walivyonyamaza alizidi kuchangamka. Alikuwa hajawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo. Shule aliiacha kabla haijamsikiliza.

"Na bomba je?" akamalizia. "Wiki moja tu."

"Hilo tulishalizungumza," mwenyekiti akasema.

"Mlizungumza, hamkufanya."

"Mwanangu, tumekuita kwa habari ya chakula."

Mwenye jengo, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akasema kijana ana akili sana na apigiwe makofi. Makofi yakapigwa, yakapanda na ngazi mpaka juu. Mapovu alitaka kukasirika lakini uso wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu, na akauacha.

Chakula kilizama. Alitengeneza vya kahawia na vya kijani, na vya kijani ndivyo dada alivyovipenda. Kidirisha kikafunikwa, wekundu wakaitwa kwenye kona yao, na chakula kikashuka moja kwa moja mpaka sakafuni kama kilichotumwa. Wapangaji waligawana zamu na hakuna aliyekosa zamu yake. Hata mapacha walifundishwa kutogonga nondo.

Dada akapata mashavu. Shemeji akapata shingo. Mwenyekiti alianza kuwaleta wageni kidirishani baada ya chai, akiwaambia, "Mngewaona zamani!" Geti likawa linafunguka kwa nguvu mpya, mpaka komeo likabadilishwa.

Mapovu alikuwa anapita kila jioni baada ya kufunga duka. Mwanzoni povu liliuliza, "Umekula? Wamesema lini watafunga maji?" Baadaye likawa linauliza, "Umekula? Chumba umepata?" Yeye akajibu bado, kila chumba anachokiona kina mtu au kina masharti. Baadaye povu likasema, "Vile vya kijani vipo?" na Mapovu akajibu vipo, akavidondosha, akafurahi kuona kivuli cha dada yake kikijipinda kuviokota chini ya meza. Dada hakuja juu tena. Hakukuwa na cha kumleta juu.

Dukani, kwenye rafu ya mwisho, kulikuwa na tangi la kambare ambalo Mapovu alikuwa akililisha kwa mrija mrefu uliofika kwenye kokoto, ili chakula kisitawanyike. Kambare wa tangi hilo walikuwa na afya nzuri kuliko wote. Kambare wengine huchomoka mara mojamoja, wakapanda kama mshale, wakagusa hewa, wakashuka. Hawa wa mrija walikuwa wameacha. Mapovu alikuwa amezoea kuwaonyesha wateja jinsi walivyo watulivu.

Chumba kilipatikana kwa rafiki yake, fundi wa friji, aliyekuwa anahamia kwa mkewe. Kilikuwa juu, kwenye paa la nyumba, jua linakipiga kutwa. Mapovu alikipiga deki, akaziba tundu la mlango kwa gazeti, akatandika magodoro mawili na kutundika pazia katikati ili shemeji yake akikoroma akoromee upande wake. Yeye mwenyewe angelala mlangoni. Jumapili asubuhi akashuka zile ngazi za jengo mpaka kidato cha mwisho kikavu, akapiga maji kwa kiganja.

"Dada! Nimepata!"

Povu lilichukua muda kufika.

"Nini?"

"Chumba! Fungeni virago!"

Maji yakatulia. Kisha akawaona wanakuja kutoka kwenye giza la mlango, wanapanda kidato kwa kidato, shemeji mbele na kifurushi cha nguo kichwani, dada nyuma ameshika sufuria. Dada alikuwa amejifunga kitambaa chake kizuri, kile cha kutokea. Mapacha waliona, wakapiga kelele, na milango ikaanza kufunguka juu. Wapangaji walishuka kuwaaga. Fundi saa alikuwa ameshika mswaki. Mwenyekiti alisema kweli watawakumbuka, na kwamba ni vizuri mtu akienda kwao.

Kichwa cha shemeji kikatoka majini, kikarudi. Cha dada kikatoka.

Ndevu zake zilikuwa zimefika kidevuni. Akapanda kidato kimoja zaidi, maji yakamshuka mabegani, akamtazama mdogo wake na kufungua mdomo. Hakuna kilichoingia. Mdomo ulifunguka na kufumba, ukafunguka na kufumba, na sufuria ikamtoka mkononi ikagonga vidato mpaka chini. Akakaa. Kisha akalala ubavu pale kwenye ngazi, mguu mmoja unapiga ukuta.

"Mrudishe!" Mapovu alimwambia shemeji yake, lakini shemeji naye alikuwa ameshika kifua, na dada alikuwa mzito kwa vyakula vya kijani. Mapovu akamvuta kwapani, ngozi yake ikateleza kama sabuni iliyolowa.

"Maji!" mwenyekiti akapiga ukelele. "Leteni maji!"

Jengo zima likakimbia. Mwenyekiti alipanda ghorofa tatu kwa miguu mitupu, akashuka na ndoo ya kuogea. Mama wa mapacha akaleta beseni la watoto na nguo zao ndani yake. Fundi saa, ambaye tumbo lake halikutaka kuwa mbali na maji, alileta ndoo, akaleta nyingine, akaleta na birika lake la kunywea. Watu wakapanga mstari kwenye ngazi, ndoo zikapokezanwa kutoka mkono hadi mkono, na wakammwagia dada kichwani, mdomoni, kifuani, wakisema pole, pole, pole. Mabomba yakafunguliwa kila ghorofa mpaka yakakohoa. Hakuna aliyehesabu chake. Mwanamke mmoja aliyekuwa hajawahi kumsalimia dada alimshikia shingo kama mtoto mchanga.

Dada akapata nguvu, akajigeuza, akateleza kidato kwa kidato mpaka chini. Shemeji akamfuata na kifurushi. Povu moja likapanda, likapasuka mbele ya watu wote.

"Umekula?" likasema.

"Nimekula," Mapovu akajibu. Alikuwa amelowa mpaka chupi.

Wapangaji walisimama wakihema, ndoo tupu mikononi, wengine wanafuta machozi. Mwenye jengo alisema hata angelipwa nini asingeamini kwamba ana wapangaji wenye moyo namna hii. Tangi la juu ya paa lilikuwa limekauka kabisa. Jengo lilikaa bila maji siku hiyo na iliyofuata na iliyofuata, na hakuna aliyelalamika. Waliombana vikombe vya maji kama ndugu.

Mapovu ndiye aliyeiona nafasi hiyo. Alimfuata mwenyekiti mlangoni kwake.

"Maji yameshaisha. Bomba limekauka. Mwiteni fundi sasa hivi aliunge."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Aliunge? Halafu maji ya huko chini yakikauka?"

Mapovu akageuka kutazama ngazi za kwenda chini.

"Umeona mwenyewe hali ya dada yako," alisema kwa upole. "Wewe una roho gani? Lile bomba sasa ndilo uhai wao. Nenda kapumzike, mwanangu."

Tangi la juu lilipojaa tena, bomba likaendelea kuvuja kama kawaida, na watu walilala vizuri.

Dukani, Mapovu aliutoa ule mrija kwenye tangi la rafu ya mwisho. Aliwadondoshea kambare chakula chepesi, kile cha kuelea, akakaa na kusubiri wapande. Kilielea, kikalowa, kikavimba, kikasambaratika. Kambare walikaa kwenye kokoto, midomo chini. Bosi alipita nyuma yake akamuuliza kama anataka kuwaua, na Mapovu akarudisha mrija.

Mwenyekiti alikuja tena na mtungi wake. Kambare wake alikuwa amenenepa, anang'aa, madoadoa yake yamekolea kama wino.

"Mwangalie!" alisema. "Nimekuja tu umwone. Na jingine, mwenye jengo amempata mlinzi wa geti la nyuma, na mkewe atasaidia mazulia. Anawapa kile chumba cha pili, kilicho ubavuni mwa cha dada yako. Maji yako vifundoni. Nikasema nikwambie mapema, uongeze kipimo."

"Hao wapeni mkate," Mapovu alisema.

"Mkate si unaelea?"

"Ndiyo."

"Si wewe uliyesema wanakondeana?"

"Wakonde. Wapande wenyewe kuufuata. Kitu cha kuzama wasipewe hata kidogo."

Mwenyekiti alicheka, kisha akaona Mapovu hacheki.

"Kumbe nawe ni mbaguzi hivyo," alisema. "Wa kwenu washibe, wa wenzio wafe njaa."

Jioni Mapovu alipita kwenye kidirisha cha chumba cha pili. Kijana mmoja alikuwa anaweka kitanda juu ya matofali, suruali ameikunja magotini, na mkewe alikuwa anapachika picha ukutani, juu kabisa.

"Hameni leo," Mapovu aliwaambia.

Wale wawili wakatazamana.

"Chumba kinaenda na kazi, kaka," yule kijana alisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni muuza chakula."

"Ahaa, ndiye wewe!" Mke akaja mpaka kwenye nondo, akitembea majini kwa uangalifu asijirushie. "Tumeambiwa habari zako. Watu wa hapa ni wema, eh? Huyo mama wa juu ameshatuletea."

Alimwonyesha sahani. Kulikuwa na vipande vya kijani, vimegandamizwa vibaya vibaya, vina alama za vidole, ila vizito. Wapangaji walikuwa wamejifunza kutengeneza wenyewe.

Mapovu alihamia kidirisha cha jirani, cha dada yake. Akawaita wekundu kwenye kona yao, akafunika kidirisha kwa khanga, akadondosha. Alisikia vinagonga sakafu kimoja kimoja. Alingoja. Povu likapanda, likapasuka, na ndani yake hamkuwa na neno, palinukia sabuni tu.

"Nimekula," alisema.

Chumba kile cha juu ya paa alibaki nacho. Hakulala humo, alirudi chini ya tangi la kasa. Asubuhi kabla ya duka alipanda na beseni la vya kijani, akafungua pazia, akavipanga juu ya magodoro mawili, safu kwa safu, visigusane. Jua lilikuwa linaingia kutwa. Ni chumba kikavu sana kile. Mpaka jioni vinakuwa vigumu kama mawe, na ukivitupa majini havielei hata kidogo.